Mtaro wa Mzee Kimya

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, gari la wafanyakazi linasimama mbele ya geti, na mzee mwenye koti la kijani anatoka kibandani akiwa na trei ya plastiki. Hasalimii kwanza. Anaipitisha trei dirishani, na simu zinaanza kuwekwa humo moja moja, zote zimezimwa.

"Na ile nyingine," anamwambia fundi wa umeme aliyeketi kiti cha nyuma.

"Ipi tena, mzee?"

"Ile ya soksini."

Gari zima linaangua kicheko. Fundi anainama, anavua kiatu, anaitoa. Mzee anaipokea kwa ncha za vidole viwili, anaiweka mwisho wa trei, ndipo anapowageukia wote na kuwauliza wameamkaje.

Wanamwita Mzee Kimya. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho na karatasi ya mshahara. Ana umri wa miaka hamsini na tisa, na kwa miaka kumi na tisa amekuwa mlinzi wa geti la kituo cha darubini ya redio. Darubini yenyewe ni sahani ya chuma yenye upana unaokaribia kiwanja cha mpira, iliyoinuliwa kusikiliza mbingu.

Haina kioo cha kuchungulia. Inakusanya mawimbi ya redio yatokayo kwenye nyota za mbali, mawimbi dhaifu kiasi kwamba simu moja iliyowashwa getini inaweza kuyafunika yote. Ni sawa na kupigiwa kelele sikioni huku unajaribu kumsikiliza mgonjwa anayenong'ona. Kwa hiyo hakuna simu inayovuka. Zinafungiwa ndani ya kabati la chuma lenye vijumba sitini na vinne, na kijumba namba moja ni cha simu ya mlinzi mwenyewe.

"Sheria nikiivunja mimi, nitamkamata nani?" anauliza.

Ana kazi ya pili, na hii anaipenda zaidi. Kila Jumatano huzunguka kituo kizima na antena ya mkononi akiwinda kelele, yaani kifaa chochote kinachotoa mawimbi yanayoweza kuisumbua darubini. Anachokipata anakiandika kwenye ripoti, kiwe ni cha nani.

Miaka mitano iliyopita wataalamu wa kituo walikuwa karibu kupagawa kwa furaha. Kila siku, muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, darubini ilikuwa inanasa ishara fupi na kali, isiyofanana na kitu chochote walichokijua. Kwa wiki tatu walipiga hesabu na kubishana ni nyota ya aina gani hiyo yenye miadi. Mzee Kimya alichukua antena yake, akaifuata ishara kwa miguu, ikamfikisha jikoni. Mpishi alikuwa amejinunulia kiberiti cha kubonyeza, kile kinachotoa cheche za umeme, maana alikuwa amechoka kuungua vidole kila akiwasha jiko la gesi.

"Nilimkuta anakaanga vitunguu," anasema mzee. "Nikamwambia, mwenzangu, hebu zima nyota yako."

Mpishi huyo mpaka leo anaitwa Profesa. Lakini uongozi haukucheka. Uliamuru kila kitu kituoni kikaguliwe upya, na mzee akakagua bila kumwonea mtu haya. Kwenye orodha yake ya vitu vinavyopiga kelele, namba saba ilikuwa simu ya mezani isiyo na waya, iliyokuwa ndani ya kibanda chake.

"Niliiandika kwa mkono wangu huu," anasema. "Nilijiona mwaminifu kweli."

Simu ilichukuliwa siku hiyohiyo, pamoja na ahadi kwamba mwezi ujao italetwa nyingine yenye waya, isiyosumbua darubini. Mkewe, aliyekuwa ameikariri namba ya getini kama jina lake, aliambiwa avute subira. Mwezi ujao ukawa mwaka, mwaka ukawa miwili, na kila mara mzee alipouliza aliambiwa suala lake linashughulikiwa.

Kisha ikaja asubuhi ambayo hadi leo anaisimulia polepole, huku akisimama kila baada ya sentensi mbili.

Mkewe alikuwa na shinikizo la damu. Walikuwa wakiishi wawili katika nyumba ya vyumba viwili, mwendo wa dakika arobaini kwa gari kutoka kituoni. Binti yao wa pekee alikuwa mbali akijifunza ushonaji. Mzee alipoondoka nyumbani, mkewe alikuwa akilalamika kichwa kinamuuma, naye akamwambia ajilaze kidogo. Karibu saa nne, mama huyo alianguka jikoni. Hakupoteza fahamu mara moja. Simu ilikuwa mfukoni mwa gauni lake, na mkono mmoja ulikuwa bado unafanya kazi.

Mzee Kimya bado anaitunza simu hiyo. Huichaji kila Jumapili. Anaifungua na kuonyesha orodha: mara kumi na tatu. Simu mbili za kwanza zilipigwa kwa namba ya getini, ile ambayo haikuwepo tena. Kumi na moja zilizofuata zilipigwa kwa simu ya mkononi ya mumewe, iliyokuwa imezimwa ndani ya kijumba namba moja, hatua nne kutoka kwenye kiti alichokalia. Ya mwisho ni ya saa tano na dakika mbili. Jirani alipoingia saa nane mchana, alikuta ameshafariki.

"Ofisini kwa mkurugenzi kuna simu yenye waya," anasema mzee. "Namba yake naijua. Sikuwahi kumpa mke wangu. Nilidhani ile si simu ya kupigiwa na mke wa mlinzi."

Anaongea kwa macho makavu. Jioni ile, anakumbuka, aligawa simu za watu wote kwanza. Ya kwake aliichukua mwisho, kama kawaida yake.

Alipomaliza matanga na kurudi kazini, alikuta picha mpya kubwa kwenye ukuta wa ukumbi. Ilikuwa na mstari mmoja mwembamba uliopinda, na watu walikuwa wakipeana mikono mbele yake. Asubuhi ileile ya msiba, darubini ilikuwa imenasa mlipuko wa mawimbi ya redio kutoka kundi la nyota la mbali mno. Ulidumu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, baada ya kusafiri miaka bilioni tatu. Safari hii jiko halikuhusika.

Mzee alisoma saa iliyoandikwa chini ya picha: saa nne na dakika kumi na nne. Aliporudi nyumbani alifungua simu ya marehemu. Mlipuko ule uliingia kati ya simu ya sita na ya saba.

Mtu wa kwanza kuuona mlipuko huo kwenye kompyuta ni mtaalamu wa kike ambaye mzee humwita daktari, na humtania kwamba ni daktari asiyeweza kuandika hata dawa ya kikohozi. Mzee alimfuata na swali.

"Daktari, kama simu yangu ingekuwa imewashwa siku ile, mngekisikia hiki kitu?"

"Hapana, baba," alimjibu. "Tungeona kelele tu. Tungeifuta."

"Na kimewasaidia nini?"

Mtaalamu huyo bado analikumbuka swali hilo la pili. "Nilitaka kumweleza kuhusu nyota zilizokufa, kuhusu gesi iliyo kati ya makundi ya nyota," anasema. "Nikamtazama usoni nikaona nitakuwa namkosea adabu. Wageni wakija nawaonyesha ile picha, na moyo unaniuma."

Mzee aliandika barua nne kuomba simu ya waya. Alijibiwa kwamba waya si tatizo, tatizo ni mtaro wa mita mia saba kutoka ofisini hadi getini, kwenye ardhi ya mawe, na fungu la kuuchimba halipo. Akasema atauchimba mwenyewe. Mkurugenzi alidhani anatania, akachukua karatasi akaandika na kutia saini: mtaro ukikamilika, waya na bomba lake la chuma vitanunuliwa. Karatasi hiyo imo kwenye mfuko wa koti la kijani, imefungwa kwa nailoni.

Kwa hiyo kila jioni, gari la mwisho likishaondoka, mzee huvua koti na kushika sururu. Mashine haziruhusiwi, maana injini nazo zina kelele zake. Anachimba mpaka kina cha goti, giza likiingia anaacha. Mshahara wake, ukiondoa nauli ya kurudi usiku na dawa ya mgongo, hubaki nusu. Jumamosi Profesa huja kumsaidia.

"Anachimba kama anakoroga sufuria," anasema mzee. "Lakini anakuja. Wengine wananiombea dua kutoka dirishani mwa gari."

Kinachomkimbiza sasa kiko nyumbani. Binti yake amerudi kuishi naye, ana mimba ya miezi saba, na mumewe anafanya kazi mbali. Wiki tatu zilizopita muuguzi wa kliniki alimpima shinikizo la damu, akapima tena, kisha akamuuliza kama mama yake aliwahi kuwa na tatizo hilo.

"Namwambia baba apumzike, mgongo utamkatika," anasema binti huyo, akiwa ameegemea cherehani yake. "Namba ya mkurugenzi ameshanipa, safari hii hakungoja. Nimeipiga mara mbili kujaribu. Inaita, inaita, hakuna mtu. Mkurugenzi yuko safarini nusu ya mwezi."

Namba ya getini itakuwa ileile ya zamani. Mzee aliiomba, wakamkubalia. Binti ameshaikariri, na kila asubuhi kabla ya kumfungulia baba yake mlango anamsomea tarakimu zote, naye anasikiliza mpaka ya mwisho ndipo anatoka.

Ni saa kumi na moja jioni. Gari limeondoka. Mzee Kimya anashuka mtaroni na kamba yake yenye mafundo, fundo moja kwa kila mita. Ameshachimba mita mia nne na kumi na mbili, zimebaki mia mbili themanini na nane. Kwa siku anamaliza mita nne, hata Jumapili. Anainamisha kichwa na kupiga hesabu kwa midomo, ingawa jibu analijua tangu jana. Siku sabini na mbili. Kliniki imempa binti yake wiki kumi hadi kujifungua, yaani siku sabini.

"Nimemwomba mjukuu anisubirie siku mbili," anasema.

Hacheki. Anatemea viganja vyake na kuinua sururu.