Bega Lililoshuka

Miaka ile madukani Babati hapakuwa na sabuni wala sukari, na ukiulizia gundi ya mbao mwenye duka alidhani unamtania. Kigango chetu cha Bonga kilikuwa na msalaba mtupu. Sanamu ya Kristo ya plasta ilikuwa imevunjika, na waumini waliniomba nichonge nyingine kabla ya Ijumaa Kuu, siku ambayo kila mmoja hupita mbele kumbusu Bwana miguuni. Mimi nilikuwa fundi wa vitanda na milango. Nilikubali, kisha nikaogopa.

Kwa kawaida mwili huchongwa peke yake na mikono peke yake, halafu huunganishwa kwa gundi. Bila gundi, ilinibidi nitafute mti wenye mikono yake. Niliupata shambani kwa jirani: mringaringa ulioangushwa na upepo zamani, mkavu, shina lenye matawi mawili na katikati kisiki kifupi cha kutosha kichwa. Tawi la kushoto lilipanda. La kulia lilikuwa limelala, kana kwamba limechoka.

Nilisali kabla ya kushika tezo, na kazi ikaenda vizuri karibu Kwaresima nzima. Ndipo katekista, mzee mwenzangu, akaja kuona.

"Fundi," alisema akiinamisha kichwa, "huyu wako anasinzia upande mmoja."

"Ndivyo mti ulivyo."

"Mti haukubatizwa. Msawazishe. Watu wakimkataa, Ijumaa Kuu tutabusu picha ya kalenda."

Aliniacha na aibu. Nilichukua patasi nikaanza kulinyanyua lile bega kwa kukata kinyume cha nyuzi za mti. Pigo la tatu, mbao ikapasuka kutoka begani hadi kiwikoni, na kipande kikaanguka miguuni pangu. Zilibaki siku nane. Sikuwa na mti mwingine.

Siku mbili sikugusa kitu. Ya tatu niliupapasa mpasuko kwa vidole, nikaona ulikuwa umefuata nyuzi tu, haukuwa na hila yoyote. Nami nikaufuata. Mkono uliotoka ulikuwa mwembamba, wenye mishipa, kama mikono yetu ya wakati ule wa njaa na unga wa njano wa msaada. Bega likazidi kushuka. Karatasi ya kusugulia haikupatikana, nikatumia majani ya msasa, yanayokwaruza kama ulimi wa ng'ombe, kisha nikapaka nta ya nyuki.

Ijumaa Kuu nilisimama nyuma kabisa. Msalaba uliegemezwa kwenye ngazi ya altare. Katekista aliutazama, akanitazama, akawaita watu waje. Hakuna aliyeondoka kwenye benchi.

Hatimaye alitoka mama mmoja mjane kutoka kijiji cha Mutuka, aliyekuwa akibeba kuni begani kuzipeleka sokoni. Alisimama mbele ya sanamu muda mrefu.

"Huyu amebeba kweli," alisema kwa sauti ya chini. "Bega la mzigo ndilo hushuka. Langu si hili hapa?"

Katekista alimwonyesha miguu. Yeye akainama akabusu bega. Waliomfuata nao wakabusu bega.

Zamu yangu ilipofika, nta ilikuwa imefifia pale kwa midomo ya watu. Nimemshukuru Mungu kwa mengi maishani. Kwa pigo lile la tatu bado naona haya kumshukuru, lakini namshukuru.