Jina la Sefu Bado Linaandika

Jamani, kichwa kinakataa. Sefu tumemzika Matambarale wiki iliyopita, na jina lake bado linanitumia meseji.

Kwa msiomjua, alikuwa fundi simu hapa sokoni Nachingwea. Mimi Zuhura nauza vitenge meza ya jirani, mwaka wa sita sasa. Homa ya siku tatu tu, basi.

Kibanda chake kama kabati, lakini yeye anakiita "head office". Ukichelewesha chai anakuandikia "warning letter" nyuma ya boksi la chaja. Ninazo nne.

Kuna bibi wa Chiola, Sefu alimwekea ile PIN ya pili ya kulinda akaunti ya meseji. Akamwambia, "Bibi, namba zikiingia kwako ni siri yako. Hata mimi nikiziomba, nitukane." Bibi akamtukana palepale, kwa Kimwera. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Simu yake mwenyewe hakuiwekea. Mganga hajigangi.

Siku ya pili ya msiba mtu alimpigia mama yake, akajifanya wa kampuni ya simu, eti anafunga laini ya marehemu. Mama akamsomea namba zilizoingia kwenye simu ya Sefu, moja moja, huku analia. Simlaumu.

Hatukujua kwamba kwa namba zile ameshaichukua akaunti ya Sefu. Mimi nilikuwa uani nasonga ugali. Watani wa ukoo wake wameshaanza mambo yao, mmoja kavaa kofia ya Sefu, kajilaza kwenye mkeka, anapiga kelele: "Mi ndo Sefu! Leteni kuku wangu, kufa kunatia njaa!" Wafiwa wanacheka na machozi yao.

Mara simu yangu ikalia. Sefu, na picha yake. "Zuu, kuna namba sita zimeingia kwako, nitumie haraka."

Nikaacha mwiko kwenye sufuria. Halafu nikacheka, nikajua watani wameshika simu ya marehemu. Mtani hanyimwi kitu msibani. Nikatuma.

Hapohapo nikatolewa kwenye akaunti yangu. Voice note zake zote zilikuwa humo. Sauti ya Sefu sinayo tena, jamani. Sina.

Juzi akaniandikia kwenye laini yangu ya pili, ile iliyoko kwenye group la soko. "Zuu, upo?" Najua ni mwizi. Lakini nilitaka kujibu, "Nipo."

Nilishindwa kulifuta jina lile. Na wakati mimi nalea machozi, mwizi amewanasa wenzetu wawili wa hapa sokoni kwa picha ileile.

Nawaomba, wote mlio na namba ya Sefu, iripotini, iblokuni. Wekeni PIN ya pili leo. Akiomba namba, si yeye.

Sefu, mchana huu nimekublock. Najua ungekasirika zaidi kama ningekuacha uendelee kuwaibia watu wako.

Mungu akuweke pema, ndugu yangu. Lala sasa, mimi sitakujibu tena.