Si Magoti

Bibi Mwanamkuu alikuwa kungwi wa kuogopwa Kisarawe nzima. Mwali yeyote aliyepita mikononi mwake alifundishwa neno hili kwanza: damu yako ni siri, asiambiwe mtu isipokuwa kungwi wako.

Sasa yeye mwenyewe, miaka kumi na miwili tangu akome kuona siku zake, damu ikarudi. Akachana khanga kuukuu, akawa anafua vitambaa kwa kujificha na kuvianika chini ya kitenge, mkwewe Yasmin asivione. Swala akaacha, maana alijua ni hedhi. Yasmin akiuliza mbona haswali, anamfokea: magoti yanamuuma. Ikapita miezi minne. Kungwi wake alishakufa zamani, basi amwambie nani?

Hospitali ya Kisarawe hakwenda, wangemtambua. Akaenda Tumbi, Kibaha, kwa watu asiowajua.

Daktari Onesmo alikuwa kijana wa kumzaa. Akamwamkia, akamuuliza anaumwa nini. Bibi akatazama ukuta.

"Bawasiri. Inatoa damu."

"Basi panda kitandani, bibi, ulale kiubavu. Nikuangalie huko nyuma."

Kiburi chake kikamfikisha hapo. Muuguzi akaja kumsaidia kupanda, akamtazama usoni, akasita.

"Shikamoo, bibi Mwanamkuu. Hajra mimi, mwali wako."

Bibi aliitikia marahaba kwa sauti ya kuku mgonjwa. Hajra alipomlegeza khanga aliona kitambaa kilivyofungwa, akamwomba daktari atoke kidogo.

"Bibi, hii si bawasiri."

"Unamfundisha kungwi wako?"

"Sikufundishi. Unakumbuka nilipoanguka shuleni? Damu ilinitoka siku kumi na saba. Wewe ulikuwa kwenye shughuli Mlandizi, nami nikakaa kimya nakusubiri urudi nikuambie. Niliongezewa chupa mbili."

Bibi alikumbuka. Alikumbuka na alivyowaambia watu kwamba mtoto yule kalegea tu, kalelewa na uji mwepesi. Akajifunika uso kwa ncha ya khanga.

"Ni huku mbele," akasema. "Mwezi wa nne huu."

Daktari aliporudi, Hajra ndiye aliyemsemea. Daktari akaeleza taratibu kwamba mwanamke akishakoma, damu ikirudi si hedhi tena. Huenda ni uvimbe, huenda ukuta wa mji wa mimba umenenepa, huenda saratani. Atapigwa utrasaundi, kisha kitachukuliwa kinyama kidogo cha ndani kikapimwe.

"Si hedhi?" Bibi akamgeukia Hajra. "Na swala zangu za miezi minne? Nyumbani nimesingizia magoti."

"Hizo utazilipa, bibi. Magoti si mazima?"

Ilikuwa mara ya kwanza mwali kumtania.

"Siku ya kuchukuliwa kinyama usije peke yako," Hajra akasema. "Nani atakusindikiza?"

 Bibi akatoa simu yake ya vitufe, akampa Hajra amtafutie namba. Ilipoita, aliipokea kwa mikono miwili.

"Yasmin," akasema. "Mwanangu, si magoti."