Mwongozo wa Kusomwa na Mashine

Nitasema mapema tusipotezeane muda: nilimwonea wivu yule msichana tangu wiki yake ya kwanza, na sikuwa na sababu ya maana. Alikuwa mpole. Aliniita yaya, kama mdogo anavyomwita dada yake mkubwa, na kila asubuhi aliniletea maandazi ya moto kutoka soko la mtaa wetu wa Kenya. Niliyala yote, na roho ikazidi kuniuma.

Ofisi yetu ilikuwa juu ya karakana ya wachomelea vyuma. Tulilinda mitandao ya kompyuta ya wafanyabiashara wa mjini, kwa programu aliyoibuni mwenyewe bosi wetu, tuliyemwita patron. Unaiunganisha na mtandao wa mteja, nayo inapita kwenye kila mashine ikijaribu milango yake, kisha inakuambia upi umeachwa wazi kwa wezi. Mwongozo wake niliuandika mimi, kwa Kifaransa safi nilichofundishwa na masista kule Katuba. Ulikuwa mnene, na mafundi wetu waliutumia kuzuia dirisha lisijifunge.

Ndipo patron akataka programu hiyo iendeshwe na wakala wa akili bandia, yaani mashine inayopewa agizo, ikasoma mwongozo yenyewe na kufanya kazi bila mtu kushika kibodi. Ulihitajika mwongozo mpya, wa kusomwa na mashine. Nilijua nitapewa mimi. Akapewa yeye, mwenye miezi miwili kazini.

"Weye unaandikaka sawa muntu anaongea na bantu," patron aliniambia. "Ye anaandika mafupi. Agent inapenda vile."

Nikacheka, nikasema hakuna shida. Moyoni nilimwombea ashindwe, tena mbele za watu.

Hakushindwa. Aliandika sentensi fupi zisizo na hata chembe ya chumvi: amri ni hii, inahitaji hiki, inarudisha kile. Tulipoijaribu kwenye mtandao wetu wenyewe, mashine ilisoma na kutenda neno kwa neno, na patron akapiga makofi. Hapo ndipo niliposikia uchungu hasa. Miaka yote ile hakuna fundi aliyewahi kuifuata sentensi yangu mpaka mwisho, na huyu maneno yake matano yalikuwa yanatiiwa.

Jaribio la kweli lilipangwa kufanyika kwa mteja, mfanyabiashara wa samaki mwenye chumba kikubwa cha baridi. Patron alinipa rasimu niikague kwanza. Niliisoma mara tatu nikitafuta kosa, na mara ya tatu nikalipata.

Sisi tukifika kwa mteja hatugusi waya kabla ya kusalimia. Unakaa na fundi wa pale, unakunywa sucré yake, yaani soda, unauliza watoto, na katikati ya maongezi anakwambia mashine gani imezeeka na ikiguswa inakufa. Kwa yule wa samaki nilikwenda mwenyewe, na fundi wake alinionyesha kisanduku kinachoendesha baridi. "Ile, mama, usiiguse hata kidogo," alisema. Jambo hilo halikuandikwa popote, hata kwenye mwongozo wangu. Nani anaandika kwamba watu wasalimiane? Msichana hakuwahi kwenda kwa wateja, na mashine haisalimii.

Nilimrudishia patron rasimu nikiwa nimesahihisha aksenti tatu tu juu ya herufi za Kifaransa. Juu yake nikaandika: C'est bon, yaani iko sawa.

Kesho yake asubuhi tulikusanyika mbele ya skrini. Msichana akaiamuru mashine ianze. Majina ya vifaa vya mteja yakaanza kupita moja baada ya jingine, nami nikaona cha chumba cha baridi kiko mbele, kinangoja zamu yake. Nafasi ya kusema "simamisha" nilikuwa nayo. Nikainua kikombe changu cha chai.

Simu ya patron ikalia. Baridi ilikuwa imekatika, na katoni za samaki zimeanza kudondosha maji. Fundi wa kule alikiwasha kisanduku kwa mkono na mchana baridi ikarudi, lakini patron alikwisha kumkaripia yule msichana mbele yetu sote. Alilia bila kujifuta uso. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nguoni mwake nilikuwa mimi.

Mwongozo nikapewa. Niliketi nikaandika palepale, bila kufuta hata neno: "Kabla ya kugusa mtandao wowote, muulize fundi wa pale mashine zipi zisiguswe. Ngoja jibu. Jibu lisipokuja, acha kazi." Nilikuwa nimeandika kama yeye.

Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akasoma.

"Yaya, hii mambo uliiyua tangu lini?"

"Niliikumbuka paka leo," nikamjibu, kana kwamba ilinijia leo hii tu.

Akaniamini. "Aksanti yaya. Bila weye, patron alikuwa ananifukuza." Akanikumbatia, akaomba siku nikienda tena kwa wateja nimchukue, nimfundishe kusalimia. Nilisimama mikononi mwake, na Mungu anisamehe, kilichotangulia kunijia ni wivu uleule: jinsi shukrani ilivyomtoka kinywani kwa urahisi, na mimi ukweli umenikwama kooni.