Simu zinazokatiza muvi nyumbani: siku pacha wangu alipobip zaidi ya mara moja

Wakuu, walionizidi umri shikamooni. Wenzangu mambo vipi.

Juzi kuna mwanajukwaa aliuliza mnafanyaje simu ikiita katikati ya muvi nyumbani. Wengi mkamjibu azime, mwingine akasema anaifungia kabatini. Nilicheka, halafu nikaanza kuandika.

Mimi nina yangu. Anayetaka kuiita chai aiite, ila sijaongeza hata jani moja.

Naitwa Doto, nipo Nyasubi, Kahama. Nimeishia form four, na matokeo tuyaache yapumzike. Ndoto yangu ni kutafsiri muvi, zile jamaa anamwaga Kiswahili juu ya Wakorea na unaelewa kila kitu. Maiki sina bado. Mdomo ninao.

Mteja wangu wa kwanza ni bibi yangu.

Kiswahili Bibi anakisikia kwa mbali, nyumba yake ni Kisukuma. Kwa hiyo kila Jumapili tukishakula, Mama anakaa mkekani na ungo wake, anachambua mchele wa kwenda kuuza sokoni. Bibi anakaa kwenye kiti. Mimi napunguza sauti ya TV na kuanza kumwaga Kisukuma. Jambazi huwa nampa jina la jirani yetu mmoja mbishi. Bibi anacheka mpaka khanga inamdondoka.

Sheria za simu ni za Bibi pia.

Anasema alipokuwa binti kule Didia, miaka ya hamsini, enzi za mkoloni, lilikuja gari la sinema. Wakatundika shuka jeupe, mtu mmoja akashika kipaza sauti akawa anaeleza picha kwa Kisukuma. Wakuu, kazi ninayoiota ilikuwepo kabla mama yangu hajazaliwa! Siku aliponisimulia nilitembea mtaa mzima nikijichekea peke yangu.

Sasa watu wakipiga kelele, au mtu akipita mbele ya mwanga, yule bwana alikuwa anazima mashine na kuondoka zake. Kijiji kizima kinalala na picha nusu. Ndiyo maana kwa Bibi anayepokea simu katikati ya muvi ni adui wa kijiji.

Basi simu zote zinaingia kwenye sufuria, mfuniko juu. Ikiita, unasikia sufuria inanguruma. Hakuna wa kunyanyuka.

Isipokuwa simu ya Mama. Hiyo inakaa juu ya mfuniko, kwa ajili ya Kulwa.

Kulwa ni pacha wangu, yeye ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Alikuwa anachimba dhahabu upande wa Masumbwe, kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo. Simu haishuki shimoni. Inabaki juu kwa jamaa wa kamba, yule anayewashusha na kuwapandisha. Kulwa akitoka anambip Mama, inaita mara moja anakata, basi. Maana yake nimetoka salama, endeleeni.

Haipokelewi hiyo. Ukipokea umemlia vocha, na atakununia wiki. Najua siku hizi watu wana bando, lakini kule ni simu ya kitochi na vocha ya kukwangua.

Mama hakuwahi kusema kwamba anaogopa. Ila mimi nilikuwa namwona. Kabla bip haijaingia, anachambua mchele ule ule ambao ameshauchambua. Bip ikiingia, anaumwaga kwenye ndoo na kuteka mwingine.

Jumapili hiyo muvi ilikuwa tamu kweli. Kuna mtu ananing'inia kwenye daraja la treni, vidole vinaanza kuteleza. Simu ya Mama ikaita mara moja, ikakata. Namba ya Kulwa.

Mama akasema huyo katoka. Akamwaga mchele kwenye ndoo, akateka mwingine.

Kidogo, ikaita tena, ikakata. Halafu tena.

Bibi akauliza kama mjukuu wake kaokota dhahabu leo. Tukacheka. Mama akasema akileta kitu cha maana yeye anataka bati jipya upande wa jikoni. Bibi akaomba blanketi zito. Mimi nikaomba maiki. Tukaanza kugawana dhahabu ambayo hakuna aliyeiona, huku yule mtu wa darajani nimemsahau hewani.

Ikaita tena, ikakata. Hapo Bibi akachoka, akaniambia mwambie mwenzako atuache tuone picha.

Nikaichukua simu, nikapiga, nikaweka sauti ya juu wote wasikie. Nikakohoa. Nikatoa ile sauti yangu ya kazini.

"Hapa ni Nyasubi. Mtazamaji uliyeko shimoni, unaombwa uache kumsumbua bibi yako."

Nikasikia upepo, kama wa gari linalokimbia.

Halafu sauti nisiyoijua. "Wewe ni nani?"

"Doto."

"Dogo, acha utani. Kuna mtu mzima hapo?"

Wakuu, nilimnyooshea Mama simu. Baadaye yule bwana, ambaye ndiye jamaa wa kamba, aliniambia na yeye alishtuka. Sauti iliyokuwa inamtania kwenye simu ilikuwa sauti ya mtu aliyelala mapajani kwake.

Mama akasema, "Sema baba. Mimi ndiye mama yake."

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Katikati ya yote yale alimwamkia, na Mama akaitikia. Hiyo sitaisahau.

Akaeleza haraka haraka. Matimba, zile nguzo za kuzuia udongo shimoni, yameachia. Kifusi kimemlalia Kulwa. Wamemtoa, anapumua, mguu umevunjika na damu imemtoka nyingi. Wapo kwenye pikapu wanamleta Kahama, na tangu wameondoka anatupigia, mtandao wa barabarani unakata simu ikiita tu.

Ikakata tena.

Kumbe hakuna hata moja iliyokuwa bip. Wote tulikuwa tunacheka juu ya mtu anayeomba msaada.

Mama aliweka ungo chini polepole, akaufunika kwa khanga nzi wasiingie. Akasimama, akavaa ndala.

Tulimwachia jirani Bibi, yule yule jirani ninayempaga ujambazi, tukapanda boda. Tulifika hospitali pikapu ndiyo inaingia getini. Kulwa alikuwa wa kijivu kwa tope, macho yamefumba. Wakuu, kuiona sura yako mwenyewe imelazwa vile, hakuna muvi imewahi kunionyesha kitu hicho.

Nesi akauliza nani ndugu wa kutoa damu. Nikawa nimeshakunja mkono wa shati. Walipopima ikakubali, na nesi alinicheka kidogo maana nilikuwa naiuliza chupa mbona haijai.

Baada ya hapo ni benchi. Wakamwingiza chumba cha upasuaji, mlango ukafungwa. Kila anayetoka tunamtazama usoni, anapita. Mama ameshika simu kwa mikono miwili kama aliyeshika kifaranga.

Jua limeshashuka, simu ikaita mara moja, ikakata.

Namba ya Kulwa.

Hatukusogea. Mlio uliokuwa unamfanya Mama amwage mchele kwenye ndoo, sasa tunautazama kama nyoka. Hatujui ni salama au ni mtandao. Mama akanipa simu, akageukia ukutani.

Nikapiga. Akapokea jamaa wa kamba. Kumbe walimwita mlango wa nyuma awasaidie kusukuma kitanda wodini. Akasema, "Amezinduka. Kaniomba nimshikie simu abonyeze mwenyewe."

Halafu nikaisikia sauti yangu ikitoka mbali, imekauka.

"Doto, unapiga ya nini? Nimeshabip."

Mama alikaa chini sakafuni akacheka, halafu akalia, halafu vyote kwa pamoja.

Sasa hivi Kulwa yupo nyumbani, ana chuma mguuni na fimbo. Kama atarudi duarani hajasema, na hakuna aliyemuuliza. Jumapili anakaa karibu na Bibi na kunikosoa tafsiri.

Sufuria imerudi jikoni kupikia. Simu ikiita, nasimamisha muvi, inapokelewa, mtu anataja jina lake na alipo. Bibi mwenyewe ndiye aliyefuta sheria yake. Alisema hata yule bwana wa gari la sinema, angejua kuna mtu kafukiwa, angezima mashine yake bila kuambiwa.

Nilichojifunza ni hiki: bip mtumie mchumba anayejua unamtaka nini. Habari ya uhai wa mtu isemwe kwa mdomo, hata kama vocha inaisha.

Yule mtu wa darajani bado ananing'inia. Bibi ananiuliza kila wiki alianguka au alipona. Sijapata moyo wa kubonyeza.

Wenye ndugu mashimoni, ninyi mnajulishana vipi kwamba mtu katoka? Na nyie mnaozima simu kabisa, nani atawapata? Karibuni, nitasoma zote.