Siku Dani Alipofunga Mlango wa Mnara

Harufu ya mafuta ya taa huniharibia siku. Juzi stima ilipotea hapa Kericho kwa sababu ya mvua, jirani akawasha koroboi, na kabla hajaweka kibiriti chini nilikuwa nimesharudi ziwani, pua yangu imezama kwenye leso ya nyanya yangu mzaa baba. Leso ile ilinuka mafuta ya taa hata ikitoka kufuliwa.

Sisi tulikuwa watu wa majani chai. Baba alikuwa fundi wa mashine kiwandani, mama alichuma majani, na tuliishi kwenye laini ya nyumba zinazofanana mpaka jirani mmoja mlevi aliwahi kulala kwetu akidhani ni kwake. Baba alikuwa ametoka ziwani. Mama, Chebet, alizaliwa Merigi, Mkipsigis wa kuzaliwa na kulelewa. Nyanya, ambaye kwa lugha ya baba tulimwita Dani, alikataa kuja harusini. Nilikuwa darasa la tatu baba alipotupeleka kwake kwa mara ya kwanza, Desemba, shule zikiwa zimefungwa.

Dani alinikumbatia mimi. Kisha akampita mama kama unavyopita nguzo ya stima. Kuanzia hapo akawa anazungumza naye kupitia kwangu, ingawa mama alikuwa palepale, anasikia kila kitu.

"Ambia mama yako chumvi imezidi."

Siku ya pili mama naye akaanza. "Ambia nyanya yako chumvi aliweka yeye."

Kiswahili ndiyo lugha pekee waliyoielewa wote wawili, na walikitumia kupigana. Mimi nilidhani ni mchezo, nikajiona mtu wa maana sana.

Siku ya tatu baba alipanda juu ya nyumba kubadilisha mabati, akamwomba Dani atupeleke tukaone mnara wa taa. Mnara huo ulijengwa na wakoloni kuonya meli zisigonge mawe, na marehemu babu ndiye aliyekuwa akiuwasha. Siku hizo ulikuwa umewekewa taa ya sola inayojiwakia yenyewe, lakini ufunguo wa mlango ulibaki kwa Dani, na hakuna aliyethubutu kuuomba. Bado alipanda kila wiki na kitambaa chenye mafuta ya taa, akasugua vioo ambavyo hakuna aliyemtuma asugue.

Njia ilipita katikati ya mafunjo yaliyotupita kimo. Ndege weusi walisimama juu ya mawe wametandaza mabawa yakauke, na kenge mmoja aliteleza majini bila haraka, kama mwenye nyumba. Mbu wa ziwa walipanda angani kama moshi. Mama, aliyezoea milima, alitembea ameshika majani kila hatua.

"Ambia mama yako maji hayaumi," Dani alisema bila kugeuka.

Mnara ulikuwa wa mawe, chokaa imebanduka. Dani alifungua mlango, akanisukuma ndani, kisha akaingia, akaurudisha na kutia komeo kwa ndani. Mama alibaki nje. Nilidhani anazuia upepo.

Tulipanda ngazi za chuma mpaka juu, Dani akisimama kila mara kushika magoti yake. Ziwa lilijaa macho yangu yote. Lakini Dani alinigeuza nitazame upande wa milima, iliyokuwa mbali, rangi ya moshi.

"Huko ndiko baba yako alipotelea," alisema. "Nilimpeleka asome ufundi, arudi. Hakurudi. Sasa wewe hutaenda. Nimeshaongea na mwalimu wa shule ya hapa. Utakaa na mimi."

Nilianza kulia. Chini, mama alikuwa akigonga mlango na kuniita. Aliposikia kilio changu akaacha kuita. Akaokota jiwe, akaanza kuupiga mlango pale penye komeo, taratibu, bila hasira ya kuonekana.

Dani aliinama ukingoni. "Ambia mama yako huo ni mlango wa serikali."

Mama hakuinua kichwa. "Ambia nyanya yako mimi huchuma majani kwenye mvua tangu asubuhi mpaka jioni. Huu mkono haujui kuchoka."

Akaendelea kupiga. Jua lilikuwa limeshuka, na pengine sauti ya jiwe ndiyo iliyofanya asisikie mafunjo yakivunjika nyuma yake. Kiboko alitoka polepole, mgongo unameta maji, akasimama kwenye majani mafupi akimtazama. Nilipoinua uso, Dani alikuwa ameshamwona. Hakusema kitu. Mama akapiga jiwe, akapiga tena, akapiga tena. Dani aliushika ukingo kwa mikono miwili, mdomo wake umefungwa.

Kisha akasema, kwa sauti ya chini iliyofika kabisa, "Chebet. Usigeuke. Usikimbie. Nakuja."

Akashuka ngazi zile mbiombio, leso imeanguka nyuma yake. Nilisikia komeo, nikasikia mlango ukifungwa tena, mama akiwa ndani.

Msidhani walikumbatiana. Tulikaa kwenye ngazi gizani, mimi katikati, mpaka kiboko alipochoka nasi. Mama alisema jambo moja tu: "Mtoto ni wangu. Kesho tunaenda." Asubuhi Dani hakutoka nje kutuaga, na hatukumwona tena mpaka alipozikwa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kule juu Dani alikuwa ameishiwa na sauti kwa hofu. Nilipopata mtoto wangu, nikajua jinsi mtu anavyoweza kumtaka mtoto mpaka akawaza mabaya, ndipo nilipouelewa ule mdomo. Hakuwa na hofu. Alikuwa anaamua.

Mama hajui. Yeye huwaambia wajukuu wake kwamba mama mkwe wake, pamoja na ukali wake wote, alimwokoa. "Alishuka zile ngazi akikimbia, na magoti yake mabovu," husema, na sauti yake hulainika. Ni kweli, alishuka. Mama akifika hapo, mimi huinuka nikaenda jikoni kuongeza maji ya chai.