Rido na Manto ya Shemeki

Kabla ya kipindi chetu tulikuwa na kipindi cha bazungu cha televizyo, na mbele ya kile cha bazungu tulikuwa na nyumba ya video, na mbele ya nyumba ya video hatukukuwa na kitu, tulikuwa tunaangaliana sisi kwa sisi. Basi nianzie kwa video.

Ile nyumba ilikuwa ya matofali ya udongo, hapa Dzaleka, kambi yetu ya bakimbizi mu Malawi, nyuma ya soko. Mangaribi ilikuwa ya vijana na mupira yao. Lakini muchana mwenyewe alikuwa anatufungulia sisi bamama, juu bibi yake alikuwa mumoja wetu na alikuwa anamuogopa. Sitamulaumu. Hata mi nilikuwa namuogopa.

Njo pale tuliona kile kipindi. Bamama babili bazungu, bembamba, midomo nyekundu, banaingia kwa nyumba ya mutu, banafungua kabati yake, banacheka nguo yake mbele ya macho yake, kisha banaitupa ndani ya pipa ya takataka. Mwenye nguo analia. Na sisi tunalia. Si juu yake, juu ya sketi! Sketi nzima, zipu inafunga, ndani ya pipa! Mama mumoja wa Fizi alisimamaka akapigia televizyo makelele: “We! Kama huitaki, ilete huku!” Kisha banamukata yule mutu nywele, banamuvalisha, na mwisho rido, ile pazia, inafunguka, anatokea mupya, bwana yake analia, batoto banalia. Bazungu balikuwa banalia sana mu ile miaka.

Kingereza hatukuwa tunasikia. Aliyekuwa anatutafsiria ni jirani yangu mushonaji, mutu wa Bukavu, na alikuwa anadanganya bila haya. “Anasema hii rangi inamufanya kama muhogo uliolala mu maji.” Tunacheka. Nyuma nilikuja kujua hata yeye alikuwa hasikii kitu, ila jina ya rangi tu.

Siku moja tunatoka pale, yule mushonaji akasema, “Bandugu, hii kazi hata sisi tunaiweza. Na tutaifanya bila kutukana sana.”

Hivyo njo kipindi chetu kilizaliwa. Alijiunga na dada mumoja musuka nywele, na pastere akabakubalia kanisa siku ya posho, njo Jumamosi, saa kwaya imemaliza mazoezi. Kanisa ilikuwa na rido ya buluu, ile ya Noeli, ya kufichia malaika mbele saa yao ifike. Juu ya ile rido tukaita kipindi Rido. Televizyo hatukukuwa nayo, lakini bantu balikuja kuliko kwa video. Balikaa mpaka kwa madirisha.

Desturi za kule tulizipindua. Pipa hapana, kambini nani anatupa nguo? Nguo yako ilifumuliwa, ikageuzwa ndani nje, mukono ya shati ikaenda kwa gauni, na kilichopunguka kilitafutwa mu kaunjika, ile mitumba ya soko ya Lumbadzi. Na mutu akitoka nyuma ya rido alikuwa analazimika kuonyesha kidole mutu wa kumufuata, na uliyeonyeshwa hukuwa na ruhusa ya kukataa.

Lakini bantu ni bantu. Kila mumoja akataka ajabu yake ipite ya mwenzake, basi bakaanza kuja bamevaa vibaya kuliko vile biko. Mama mumoja aliazima suruali ya bwana yake ya kufyatulia matofali. Shemasi, mutu muzima, alikuja amejifunga gunia ya unga, na bibi yake akauliza mbele ya wote, “Na ile kositimu ya arusi umeiuzia nani?” Ikafika pale kwamba ukiona mutu anaingia mulangoni amevaa kitu ya kutisha, unajua bila kuuliza: huyu njo wa leo.

Lishike hilo, litatusaidia. Sasa niseme habari yangu.

Bwana yangu alikufa hapa hapa kambini, tukiwa bado bageni. Kwetu mujane anavaa nyeusi mpaka famille ya bwana ikae, imutoe fulari ya kichwa kwa mukono yao, imunawishe, imuvalishe rangi. Mukono ya mutu mwingine haigusi ile fulari. Sasa famille ya bwana yangu mu Malawi yote ilikuwa mutu mumoja: mudogo yake, shemeki wangu, anatengeneza maredio Mchesi kule Lilongwe. Na kila mara nilipoenda kumuomba, jibu ilikuwa ile ile.

“Shemeki, kilio ya yaya, mukubwa wangu, tutaimaliza nyumbani. Hapa tunapita tu.”

Tukapita. Tukapita miaka. Nyeusi yangu ikageuka rangi ya chungu, nikaichovya tena, ikageuka tena. Huzuni yenyewe ilikuwa imeshazoea nyumba, inakaa pembeni bila kusumbua mutu. Kitu kilichoniuma ni kwaya. Bamama ba kwaya balikuwa na kitenge ya manjano yenye bandege, na mwenye nyeusi hasimami mbele kuimba. Mi ni mutu wa kuimba. Nilikuwa naimba tangu Bukavu, na nilikuwa nasikia sauti inaanza kuzeeka ndani yangu bila kutumika. Nilitaka kuimba mbele haijaisha. Njo hilo tu. Na kwa Rido hakuna aliyenionyesha kidole. Balikuwa bananiruka na macho kama mufereji.

Basi nikaenda Mchesi tena. Safari hii sikuomba. Nilimwambia, “Kuja posho ukule bugali kwangu, tuongee kama bantu.” Bugali njo ile nsima ya Bamalawi, bo banaipika laini, inateleza, lakini nisitoke mu njia. Akakubali.

Lazima niseme juu ya koti yake. Alikuwa na manto, ile koti ndefu nzito ya baridi ya milima ya kwetu. Alikimbia nayo, akafika nayo, na aliivaa Lilongwe, jua ya mwezi wa kumi, bifungo byote. Ukimuuliza: “Siku ya kurudi nisianze kutafuta koti.”

Ile posho alishuka minibasi, akapanda kabaza, ile baiskeli ya kubeba bantu, akaketi nyuma na manto inapepea, akafika kwangu, hakuna mutu. Jirani akamwambia mi niko kanisani, nimeenda kuchungulia Rido kidogo mbele yeye afike. Akaja kanisani. Akasimama mulangoni, jasho inatiririka, manto mpaka kwa magoti.

Musuka nywele akamuona. “Mwenyewe amefika! Bandugu, muone ile koti!”

Kanisa yote ikapiga vigelegele. Na mujue, kwetu siku ya kumaliza kilio njo vile mukubwa wa famille anapokelewa: kwa vigelegele. Shemeki akafikiri bazee ba kanisa bamepanga mambo ya kilio. Akainua kidevu, akapita katikati kama gavana. Bakamukalisha kwa kiti nyuma ya rido. Bakamunawisha kichwa, akaona sawa, maji iko mu desturi. Bakamupunguza ndevu, akaona labda ni ya Bamalawi. Mi nilikuwa nimebanwa nyuma kabisa, kati ya dirisha na mama munene, napiga makelele “Hapana huyu! Hapana huyu!” na bantu banafikiri nafurahi.

Kisha tukasikia sauti yake. “Mama! Toa makasi kwa manto yangu!”

“Papa, tulia.”

“Hii ni ya kurudi nayo nyumbani!”

Nikajisemea, basi, imekwisha. Huyu atatoka hapa na hasira, hatanijibu tena, nitazikwa na hii nyeusi.

Rido ilikuwa nyepesi, tuliona kivuli ya mushonaji anainua mugongo ya manto kwa mwanga. “Papa yangu,” akasema, pole pole, “utarudi nayo namna gani? Angalia. Badudu bamekula mugongo yote. We uko unaona ya mbele tu.”

Tuliona kivuli ya kidole ya shemeki inapita mu tundu. Ikatoka, ikapita mu ingine. Kisha, njo hiyo inanishangaza mpaka leo, alivua manto yeye mwenyewe, akaitoa.

Mashini ikaanza kulia. Rido ikafunguka.

Bandugu! Mushonaji alikata mikono na mugongo iliyooza, ikatoka gile, ile kizibao isiyo na mikono, na chini yake shati nyeupe. Na shemeki alikuwa na shingo. Miaka yote sikujua kama iko na shingo! Mama mumoja akauliza kwa sauti, “Huyu kijana iko na bibi?” Bakamushikia kioo, akageuka huku, akageuka huku, akaficha kicheko akashindwa.

“Sasa papa,” mushonaji akasema, “onyesha mutu wa kufuata.”

“Wa kufuata juu ya nini?”

“Juu ya kuvalishwa. Njo desturi yetu.”

Akaangalia bantu, mustari kwa mustari, mpaka kwa dirisha. Akaniona. Akaona nyeusi. Nafikiri aliiona siku hiyo kwa mara ya kwanza, vile alivyoona mugongo ya manto. Akainua kidole.

“Yule. Lakini yule hapana nyinyi. Yule ni mi wa kumuvua.”

Mama munene akanisukuma mbele. Shemeki akaomba maji. Akasema yale maneno ya baba yao, ambayo hayaandikwi, akafungua fulari yangu, akaikunja ndogo, akaiweka mu mufuko ya gile. Akanawisha uso yangu.

Kisha akaniangalia. “Shemeki,” akasema, “kumbe hata we uko na shingo.”

Nyuma ya rido, gauni ya manjano yenye bandege ilikuwa inaningoja kwa musumari, mwili yangu kabisa. Mushonaji alikuwa ameishona zamani, hakuniambia.

Kesho yake, Siku ya Mungu, nilisimama mustari wa mbele, nikaimba kwa nguvu yote, sauti inakwaruza. Mwalimu wa kwaya alisikiliza wimbo mumoja, akaja kwa heshima kubwa, akanipeleka mustari wa nyuma. Nikaenda bila neno. Hata kule nyuma, manjano ilikuwa inaonekana.